Eneo Lisilovuliwa

Kiwayu
Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Ndugu yangu Zein,

Assalaam alaykum. Baba hajambo, goti lake ni lile lile. Ya nyumbani nitakuandikia siku nyingine, leo nina neno moja tu.

Usishangae kuona barua. Mwaka huu umenipigia simu mara kumi na moja juu ya mambo ya kampuni yako, na hakuna hata moja ninayoweza kuitoa nikamuonyesha mtu. Karatasi ina tarehe na ina sahihi. Kwa hivyo mimi nitaandika na wewe utaandika, na Taha wa boti ya abiria atatuchukulia.

Ile ramani mliyoleta Ijumaa imebandikwa ukutani pa madrasa. Nimeisoma mara nne. Minara thelathini na nne ya umeme wa upepo, yenye kuelea, kila mmoja na minyororo yake mitatu chini, yote ndani ya kipande kimoja cha bahari mlichokiandika "eneo lisilovuliwa". Kipande hicho chaanzia maili kumi na tisa kutoka hapa, chamalizikia maili ishirini na sita. Minara ikishasimama, chombo hakiusogelei mnara kwa mita mia tano, na kati ya mnara na mnara huruhusiwi kutia nanga kwa sababu ya nyaya. Yaani pamefungwa.

Zein, hakuna pahali panapovuliwa kuliko hapo.

Manahodha hawakuniambia, na hawataniambia. Nimeambiwa na madumu. Miaka sita nawauzia petroli na barafu. Mashine ya nguvu za farasi arobaini, chombo kina watu wanne na barafu yao, yala lita moja kwa maili moja. Mwezi uliopita walitoka safari 512. Katika hizo, 346 zilichukua lita arobaini na tano au zaidi. Huko walikokuonyesha kwa vidole vyao mwezi wa tatu, ulipowaandikia ramani, ni maili tano. Kwenda na kurudi, lita kumi na mbili zatosha na utabakisha. Hizo thelathini na tatu zaenda wapi? Hawazinywi. Gawa arobaini na tano: ishirini na moja za kwenda, ishirini na moja za kurudi, tatu za kuzungukia. Maili ishirini na moja. Weka rula kwa ramani yako uone yaangukia wapi.

Wanijua mimi si adui wa minara. Mimi ndiye niliyepita nyumba 118 nikiwaambia watu upepo hauna moshi, na waya ukifika Kiwayu watoto watasoma na dawa za zahanati hazitaharibika. Mashine yangu ya barafu yala dizeli usiku na mchana, kwa hivyo usifikiri nilisema kwa ajili ya thawabu peke yake. Naitaka minara. Naitaka maili saba kusini, pasipovuliwa kwelikweli.

Nijibu matatu. Siku ya mwisho ya kurekebisha ramani ni lini? Yarekebishwaje? Na wewe uliyeshika kalamu siku ile, manahodha 41 wakipita mmoja mmoja mbele yako, hukushuku kitu?

Dada yako,
Thuraya

*

Amu
Alhamisi, 9 Oktoba 2025

Kwa Dada yangu Bi Thuraya,

Waalaykum salaam. Barua imefika salama, na wanangu wafurahi kujua babu hajambo.

Naelewa wasiwasi wako. Hata hivyo ni vyema tukumbuke ya kwamba ramani ile haikuchorwa na kampuni, imechorwa na wavuvi wenyewe, na ina sahihi 41 kati ya manahodha 41. Bi Wanjira, mkuu wetu wa mradi, aliisifu mbele ya wakubwa wake wa Nairobi. Alisema hajaona kijiji kilichoshirikishwa kikashiriki namna hii, na nyingi ya sifa hizo zakurudia wewe kama mwenyekiti wa kamati ya kijiji.

Kuhusu tarehe: jopo litakalotoa kibali litakaa hapa Amu Alhamisi, tarehe 30 Oktoba. Ushahidi wapokelewa mpaka asubuhi ya siku hiyo.

Kuhusu namna: kila nahodha anayesema anavua ndani ya eneo hilo aweke nukta yake kwenye ramani, aandike jina lake na sahihi. Orodha ya nukta na majina itabandikwa nje ya ofisi ili yeyote mwenye kupinga apinge. Jopo limeweka sharti hilo ili mtu asije akabuni mwamba wa kuvulia kwa ajili ya kulipwa fidia.

Nakushauri uwaite uwaeleze kwa upole. Ukiwahesabia lita zao mbele za watu watakasirika.

Msalimie sana baba, na umwambie nimemnunulia dawa ya goti.

Ndugu yako,
Zein

*

Kiwayu
Jumanne, 14 Oktoba 2025

Zein,

Nilikuuliza matatu, ukajibu mawili. Nitarudi hapo.

Jana baada ya alasiri niliwaita manahodha kwangu, ghala la barafu. Niliwaita 41, wakaja 29. Nikakunjua ramani juu ya jamvi, nikawaambia hapa ndipo mnapovua, msinikatalie, lita zenu ninazo. Kila mtu aweke nukta yake na jina lake, tupeleke Amu kabla ya tarehe thelathini.

Hakuna aliyeinama.

Shukri akasema, "Bi Thuraya, mimi niweke nukta hapa na Obeid amekaa pale?"

Obeid akasema, "Weka, Bwana. Pahali pako sipataki. Samaki wako ni vichwa vitupu."

"Umejuaje samaki wangu?"

"Nawaona kwa mizani, wanitia huruma."

Watu wakacheka, nami nikadhani mambo yatalegea. Obeid akaendelea, "Bi Thuraya, unamjua huyu? Mwaka jana mkewe alikuta namba kwa simu yake, imeandikwa Kemunto. Akarudi kwao Pate miezi mitatu. Wazee wakaketi, Shukri akaitwa mzinifu, akainamisha kichwa akakubali. Kumbe Kemunto si mwanamke, ni digrii na dakika za mwamba wake. Mtu amekubali kupoteza mke asipoteze mwamba. Leo wataka ajibandike ukutani Amu."

Shukri mwenyewe alicheka. Kisha hakuna aliyecheka tena.

Fadhil ndiye aliyenifunga mdomo. Akasema, "Mwamba wangu nimepewa na babangu, hata mke wangu haujui. Ukiubandika Amu, wiki ya pili yuko mtu wa Kizingitini amekaa juu yake, na nyuma yake mtu wa Malindi. Minara yako yaja baada ya miaka mitatu. Hao watakuja kesho."

Amesema kweli. Manahodha wetu ni watu ambao wakiona chombo chaja hung'oa nanga, wakajifanya mashine imekufa, wakaelea mpaka mgeni apite. Miaka yote nimewacheka kwa hilo.

Nikawauliza, basi mbona mwezi wa tatu hata mmoja hakusema kuwa huko nje panavuliwa, bila ya kutaja mwamba wake? Shukri akasema alijua wenzake watapataja. Ndipo nikaelewa. Kila mmoja aliwaza moyoni: mimi nikificha changu, wamebaki wenzangu arobaini, watapaonyesha wao. Wote 41 walipiga hesabu hiyo hiyo. Nami, bila ya kuiona ramani hiyo, nikaupigia mradi kampeni nyumba kwa nyumba.

Baba alikuwa amekaa mlangoni. Nilimgeukia, nikamuomba aonyeshe wake. Akasema, "Mwamba hupewa mwana anayevua. Wewe wauza mafuta, Thuraya. Ndia ya huko waijua kwa lita."

Wakatoka mmoja mmoja. Obeid alibaki nyuma, akaniambia kwa sauti ya chini, "Usitulaumu sana. Tulimfuata mzee. Alipoweka yeye kidole ndani, maili tano, nani angeweka chake nje?"

Mzee huyo ni baba yetu, Zein. Bwana Husseini, aliyeacha kutoka baharini lakini bado ahesabiwa nahodha, ndiye aliyeanza. Na wewe, kabla ya kwenda chuo, ulitoka naye miaka mitatu, chombo kimoja, mshipi mmoja. Nakuuliza tena lile la tatu. Andika ndiyo au la.

Thuraya

*

Amu
Ijumaa, 17 Oktoba 2025

Dada,

Ndiyo. Nilijua.

Alipoinama juu ya ramani alinitazama mara moja tu, kisha akaweka kidole pahali ambapo hata chambo hakipatikani. Nimevua naye kule nje. Najua maji yanavyogeuka rangi ukikaribia, najua pima ngapi za mshipi zateremka kabla hujagusa. Kidole chake kilipotua niliandika namba yake, nikamuonyesha pa kutia sahihi, nikasema, "Anayefuata."

Walikuwa wamejaa madrasa nzima wanatazama. Ningesema nini? "Baba, sivyo"? Wewe ungesema, nakujua, na angekutukana na jioni mngekula pamoja. Mimi sikuumbwa na ulimi wako. Kumwambia baba mbele ya watu arobaini kuwa asema uongo, nisingeweza hata kama minara ingesimama kwa kitanda changu.

Na kuna jingine, nisikufiche tena. Mkataba wangu wa kazi ulikuwa umalizike Aprili. Nilitakiwa nilete sahihi zote. Nilileta 41 kwa 41, nikaongezewa miaka miwili. Nilijiambia wengine watapaonyesha kwa ndia nyingine, kwa malalamiko, kwa barua, kwa kitu. Yaani na mimi nilipiga hesabu ile ile ya manahodha. Wewe umesema 41, lakini tulikuwa 42.

Jana nilimuuliza Bi Wanjira kama mtu anayeuliza tu: "Tukigundua ramani ina kosa?" Akaweka kalamu chini. "Zein, leo minara ni wino. Wino nauhamisha kwa siku mbili. Mwezi wa kwanza tukishaagiza nyaya, hauhami hata mmoja. Mimi sitaki kujenga juu ya chakula cha watu, halafu nipigwe mawe miaka ishirini. Una kosa? Niletee kitu kisichokuwa neno la mtu." Nikamwambia nauliza tu.

Sijui la kufanya. Kila nikifungua mdomo namuona baba amekaa mlangoni kwako.

Zein

*

Kiwayu
Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Zein,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaenda kumpa baba uji wake. Sikumwambia kitu. Yeye ana miaka sabini na minane, wewe una thelathini na tisa. Hasira yangu nimeigawa kwa haki, na fungu kubwa ni lako.

Sasa tufanye kazi, zimebaki siku kumi.

Bi Wanjira ataka kitu kisichokuwa neno la mtu. Ninacho. Taha atakukabidhi mfuko wa nailoni, ndani mna daftari sita, kurasa mia mbili kila moja. Tangu nianze kuuza petroli mwaka 2019 sijakosa kuandika hata siku moja: tarehe, nahodha, lita alizochukua, barafu alizochukua, saa aliyotoka na saa aliyorudi. Niliandika kwa sababu nilianza na dumu moja la lita ishirini, na mwanamke mwenye dumu moja akipoteza lita tatu amepoteza biashara. Sikujua naandika ushahidi.

Tangu mkutano ule nimekesha siku tano nahesabu. Safari 35,812. Za lita arobaini na tano na kuendelea, 23,871. Hiyo ni theluthi mbili. Muulize mhandisi yeyote mashine ya farasi arobaini yafika wapi kwa lita hizo, na kwa saa hizo za kutoka na kurudi. Atakuchorea duara, na duara litapita katikati ya minara yenu. Hamna mwamba wa mtu mle ndani, hamna nukta. Shukri atabaki na Kemunto wake. Lakini eneo lote litasema lenyewe kuwa lavuliwa.

Najua unachotaka kusema, basi nikiseme mimi. Sina leseni ya kuuza petroli. Niliomba 2019, nikaomba 2021, nikaomba 2023. Fomu zilichukuliwa, picha zikachukuliwa, na kila mara nikaambiwa ghala lazima liwe la zege na tangi liwe chini ya ardhi, kisiwani, juu ya mchanga. Kila ukurasa wa daftari hizo ni kosa langu kwa mwandiko wangu. Mapipa kumi na moja, mashine ya barafu na wafanyakazi watatu. Nimeyapima hayo kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili nimepima manahodha 41 na watu wanne kila chombo. Huko nje pakifungwa, nitamuuzia nani petroli? Ghala langu lafungwa vyovyote. Tofauti ni miaka mitatu.

Peleka daftari kwa jopo. Usimpe mtu mwingine azishike.

Thuraya

*

Amu
Alhamisi, 23 Oktoba 2025

Dada,

Mfuko umefika, daftari ni sita, nimezihesabu.

Kila kinachoingia kwa jopo chabandikwa nje, umesahau hilo. Si kampuni peke yake itakayosoma. Na jina lako liko juu ya kila ukurasa.

Niachie mimi. Nitafanya inavyotakikana.

Zein

*

Kiwayu
Jumanne, 28 Oktoba 2025

Zein,

"Inavyotakikana" ni neno la ofisi. Nataka kujua umezipeleka ama hukuzipeleka.

Taha amekuja mara mbili mikono mitupu. Simu yako yaita haishikwi. Leo nimepanda kilimani na simu mkononi kama wale wanaotafuta mtandao wa kutazama mpira, nimekaa huko tangu adhuhuri mpaka maghribi. Nimekupigia mara kumi na nne.

Jana Fadhil alirudi na chewa wanne, mdogo wao kilo kumi na moja. Niliwapima mwenyewe. Nilitaka kumuuliza wametoka maili ngapi, nikaona ni kumfanyia mzaha mtu aliyechoka. Mkewe alikuwa pembeni na mtoto mgongoni, anangoja kujua uzito ili ajue unga wa wiki hii. Nyumba ngapi zangoja hivyo, mimi nazijua kwa idadi, na idadi hiyo sitaiandika leo.

Keshokutwa ndiyo siku yenyewe. Kama umeogopa kwa ajili yako, sema. Kama umeogopa kwa ajili yangu, sikukutuma uniogopee.

Thuraya

*

Amu
Ijumaa, 31 Oktoba 2025

Dada yangu,

Nakuandikia nikiwa nyumbani. Kazi sina tena.

Jana jopo lilikaa watu watano, ukumbi umejaa. Ilipofika zamu ya kampuni nilisimama kabla ya Bi Wanjira, nikasema mimi ndiye niliyeandika ramani ya wavuvi na niliandika nikijua si kweli, na eneo lile lavuliwa. Baba sikumtaja. Nilisema kosa ni langu. Bi Wanjira alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mgeni.

Mwenyekiti wa jopo akaniuliza, si kwa ukali, "Bwana Zein, una ushahidi gani zaidi ya dhamiri yako?"

Mfuko wa nailoni ulikuwa kati ya miguu yangu, Dada. Nilikuwa nao. Niliubeba nikisema moyoni, wakitaka nitautoa. Mstari wa pili kutoka mbele alikuwa amekaa yule afisa wa leseni aliyekuja kwako mwaka wa 2023 kupiga picha ghala, nami nikamuona anafungua daftari lake. Nikakuona wewe mahakamani. Nikakumbuka ada ya chuo changu cha ukubwani, uliyonilipia muhula kwa muhula, ilivyokuwa ikinuka petroli. Nikasema, "Sina."

Wakasema neno la mtumishi mmoja, tena anayekiri kuwa ni mwongo, haliangushi sahihi 41. Kibali kimetolewa. Saa kumi na moja kampuni ilinipa barua ya kuachishwa.

Nilidhani nikijitoa mimi yatatosha. Nilitaka mara moja katika maisha yangu nilipe mimi, wewe usilipe. Sikujua kuwa nilichokitoa hakina bei kwa wale.

Bi Wanjira alinifuata mpaka gatini. Akasema, "Umenivunja mbele ya watu na hukunipa hata kitu kimoja cha kushika. Kuna muda wa pingamizi, siku kumi na nne, mpaka tarehe 13. Ukipata kitu, kilete. Minara bado ni wino." Kisha akageuka akaenda zake.

Daftari ziko hapa kabatini. Mpaka sasa mikono yangu yakataa kuzitoa. Nisamehe, au usinisamehe, lakini usiseme kuwa sikukupenda.

Zein

*

Kiwayu
Jumanne, 4 Novemba 2025

Zein,

Kati ya miguu yako.

Nimekaa na maneno hayo siku tatu. Jumapili niliyaandikia barua ya kurasa tano, nikaichana, kwa sababu hakuna mtu atakayekula barua hiyo. Nikuambie tu nilichofanya.

Jana asubuhi nilipanda boti nikaenda kituo cha polisi, nikajitaja. Nilisema mimi ni Thuraya binti Husseini, nimeuza petroli bila leseni tangu 2019, daftari zangu ziko Amu na zitafikishwa mbele ya jopo. Askari wa kaunta alifikiri nimekuja kumshtaki mtu. Aliniuliza mara mbili, "Mshtakiwa ni nani, mama?" Mara ya tatu akaenda kumwita mkubwa wake.

Alasiri walikuja na mashua, wakachukua mapipa yote kumi na moja. Nane yalikuwa yamejaa. Ghala limetiwa kufuli ya serikali, na barafu iliyobaki ndani imeanza kupita chini ya mlango. Nina mahakama tarehe 24. Wafanyakazi wangu watatu nimewaambia wakatafute pahali.

Manahodha hawanisemeshi. Petroli ya karibu sasa ni Kizingitini, na leo vyombo kumi na sita vimekaa ufukweni bila kutoka. Mke wa Shukri amepita mbele ya mlango wangu akasema kwa sauti, bila ya kumwambia mtu mahususi, kuwa kuna watu wakikosa samaki wa kupima hupima ubaya. Nimemsikia. Obeid peke yake ndiye aliyekuja. Alikaa, akakohoa, akauliza, "Daftari zaonyesha kila mtu alitoka mara ngapi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mke wangu atajua ni safari ngapi nilimwambia sikupata kitu." Nikamwambia samaki hawamo, mna lita tu. Akaondoka ameridhika nusu.

Baba nilimwambia mwenyewe, jana usiku, yote, na lako pia. Nilingoja anitukane. Aliuliza, "Na mimi nimo humo?" Nikamwambia, "Hapana, baba, wewe humo. Uliacha kutoka 2017, daftari zaanza 2019." Nadhani ilimuuma kuliko kama ningemwambia yumo. Alfajiri nilimkuta ameamka kabla yangu, amevaa kanzu ya Ijumaa. Aliniambia nikuandikie kwamba mwamba wake hautoi, hata sasa, hata kwako. Lakini kama jopo lataka kumuuliza kwa nini aliweka kidole ndani, ataletwa Amu na atajibu kwa mdomo wake, mbele ya watu, kuwa alisema uongo. Nilimuuliza goti je. Akasema goti halisemi.

Basi ndivyo hali ilivyo. Ulizificha daftari ili nisipoteze ghala, na ghala halipo. Uliogopa nisishtakiwe, na nimeshashtakiwa. Hakuna kitu kimebaki cha kunilindia, Zein. Kilichobaki ni maili saba kwa tano za bahari na siku tisa.

Barua hii itakufika kesho jioni. Alhamisi ofisi ikifunguliwa, zipeleke. Ukurasa wa hesabu nimeukunja ndani ya daftari la sita. Wafafanulie lita na maili polepole, kwa sababu watu wa mezani hudhani bahari haina umbali. Mwambie Bi Wanjira akae karibu nawe, yeye ataelewa kwa haraka.

Ukiona huwezi, nitakuja mwenyewe Jumapili na nitazitoa kabatini mbele ya mkeo na wanao, na hakuna atakayenizuia. Lakini sitaki kuja. Nataka uzipeleke wewe. Mwezi huu nimetoa kila nilichokijenga kwa mikono hii, na sina nguvu ya kutoa na ndugu.

Thuraya